Safu ya Anwani

Saa mbili kamili asubuhi Mama Tuse alifuta meza ya sebuleni, akaweka bakuli la nuru katikati, akalifunua. Sebule ikapanuka. Ukuta wenye picha ya harusi yake ukarudi nyuma hatua kumi, makochi yakafifia, na mahali pake pakatokea ubao, madawati, na wanafunzi kumi na mmoja waliovaa sare zilizopigwa pasi vizuri kuliko sare yoyote iliyowahi kuvaliwa Mbeya. Binti yake, Tusekile, akaketi kwenye dawati la kumi na mbili, karibu na dirisha, pembeni ya kijana aitwaye Lusajo.

Hivyo ndivyo kidato cha nne kilivyosomwa miaka hiyo. Majengo ya shule yalikuwa yamegeuzwa maghala, na kila mtoto alisomea kwao. Mwalimu naye hakutoka nyumbani. Alisimama mbele ya kamera chumbani kwake, na kivulinuru chake, yaani umbo lake lililofumwa kwa mwanga, kikasimama katika nyumba kumi na mbili kwa wakati mmoja.

"Shikamoo Mwalimu!" darasa zima likaamkia.

"Marahaba. Kaeni."

Mwalimu Generoza alikuwa na miaka hamsini na minane, na alifundisha matumizi ya kompyuta kwa ubishi wa kizamani. Mashine za wakati ule ziliweza kuandika kila kitu zenyewe, lakini yeye hakutaka mtoto abonyeze kitufe kabla hajajua kitufe kile kinafanya nini.

"Leo tunaunganisha barua," akasema. "Unaandika barua moja tu, na pale penye jina unaacha pengo. Kisha unatengeneza jedwali. Safu ya kwanza majina, safu ya pili anwani. Ukibonyeza Unganisha, kompyuta inachukua kila jina na kulipachika kwenye pengo, halafu inatuma. Barua moja inakuwa kumi na moja, na kila anayepokea anaona ameandikiwa yeye. Haya, andikeni mwaliko wowote, hata wa kubuni."

Kosa lake lilikuwa hapo, na hakuliona. Tusekile hakubuni. Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa mahafali yake, na mama yake alishaagiza keki. Akaandika mwaliko wa kweli, akajaza majina ya wenzake wote, kisha akamgeukia Lusajo.

"Nipe anwani yako."

"Kesho nitakuletea," Lusajo akasema, akitabasamu.

Akawauliza wengine, wote wakasema kesho. Kesho yake wakasema kesho. Ilipofika Ijumaa, safu ya anwani ilikuwa tupu kutoka juu mpaka chini, na baada ya kipindi Tusekile hakuinuka kwenye dawati lake.

"Mwalimu, samahani. Hawa wenzangu wananificha anwani zao. Nimewakosea nini?"

"Hujamkosea mtu, Tuse."

"Basi nipe wewe, rejista si unayo? Mama anapika pilau ya watu kumi na wawili. Miaka minne nakaa na Lusajo, Mwalimu, sijawahi hata kumshika mkono. Ananijua kuliko mtu yeyote. Nataka aje aone kwetu."

Generoza alisema ataangalia. Akazima kamera, akakaa kitandani, na aibu ikamjaa mpaka masikioni.

Ukweli ni kwamba Lusajo hakuwepo. Wote kumi na mmoja hawakuwepo. Shirika lililotengeneza mabakuli lilikuwa limegundua kwamba mtoto hujifunza haraka akiwa na wenzake, lakini wenzake wa kweli hupiga kelele, huibiana majibu na kugombana. Kwa hiyo bakuli lilimfumia kila mtoto wenzanuru wake, wanafunzi wa mwanga mtupu, waliokatwa kwa kipimo chake kama nguo ya fundi. Mzazi aliarifiwa kwenye ukurasa wa arobaini wa mkataba. Mama Tuse alibonyeza Nakubali bila kusoma, kama tunavyofanya wote.

Walimu waliapishwa kunyamaza. Ukutani kwa Generoza kulikuwa na skrini kumi na mbili, na katika kila moja mtoto mmoja wa kweli, peke yake mezani, akicheka na hewa. Alikuwa akiwaona wote pamoja kila siku, nao hawakujua kwamba wenzao wa kweli wapo. Mara nyingi alitamani kuwaambia wageuke waonane. Alikumbuka darasa lake la mwisho lenye madawati ya mbao, vumbi la chaki, na makelele yaliyomfanya arudi nyumbani kichwa kikimuuma. Angetoa chochote apate tena maumivu yale ya kichwa.

Akampigia mratibu wa shirika.

"Hilo lina utaratibu wake," mratibu akasema kwa upole. "Siku ya sherehe bakuli litatuma udhuru. Mmoja anaumwa, mwingine amesafiri. Kumi na moja tofauti kabisa."

"Na mtoto akae na pilau yake?"

"Atazoea. Mwalimu, nakuomba usiingilie. Tuna sauti yako ya miaka tisa na kila namna unavyoinua mkono. Kivuli chako kinaweza kufundisha bila wewe."

Kesho yake, Jumamosi, wiki moja kabla ya mahafali, Generoza alipanda gari la kamba, lile linaloning'inia angani, mpaka mitaa ya juu, chini ya Mlima Loleza, akabisha hodi kwa Mama Tuse. Tusekile alifungua mlango, akamtazama kutoka juu hadi chini. Kivulinuru alichokizoea kilikuwa kirefu na kisichokohoa. Huyu alikuwa mfupi, ameshika mwavuli, anahema kwa baridi ya mlimani.

"Mwalimu? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi, mwanangu. Nishike mkono uone."

Akawaambia ukweli wote mbele ya meza, mama na binti, bila kuzungukazunguka. Mama Tuse alishika kichwa. Tusekile hakulia mara moja. Alifunua bakuli, akamtazama Lusajo aliyekuwa ameketi akimsubiri.

"Lusajo. Upo?"

"Nipo," Lusajo akasema. "Leo utaniletea ile hadithi ya mvua uliyoniahidi?"

Akalifunika. Ndipo akalia, kilio cha mtu aliyepokea habari za msiba. "Na wewe ulijua," akamwambia mwalimu wake. "Kila siku unaniita jina, unanitazama, na unajua!"

"Nilijua. Niliogopa kazi yangu. Sina cha kujitetea."

Mama Tuse akatia chai vikombe vitatu kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Chai ilipopoa, Generoza akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa na majina kumi na moja aliyoyaandika kwa mkono, na kila jina lilikuwa na anwani.

"Hawa wapo. Wako hapahapa mjini. Jana jioni nimeongea na wazazi wao mmoja mmoja. Wengine wamenikatia simu, wengine wamekubali uwaandikie. Hawakujui, Tuse. Amua wewe."

Tusekile akaisoma ile karatasi jina kwa jina. Kisha akafungua jedwali lake, akaongeza mistari mipya, na kwenye barua akaongeza maneno haya: *Wenzangu niliosoma nao hawapo. Nimeambiwa na wako hawapo. Njoo hata hivyo.* Akabonyeza Unganisha.

Jumatatu iliyofuata kivulinuru cha Generoza kilisimama katika nyumba kumi na mbili kama kawaida, kikasema kaeni. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni kwake, ameachishwa kazi, anamenya viazi.

Siku ya mahafali walikuja saba. Walikaa sebuleni kwa Mama Tuse magoti yakigusana, macho chini. Aliyetaka kusema alinyoosha mkono kwanza, kwa kuwa bakuli liliwafundisha hivyo, na hakuna aliyejua nani wa kumruhusu. Mikono mitatu ikawa juu pamoja, imesimama tu hewani. Msichana mmoja akachekea puani, na wote wakaanza kusema kwa mkupuo, hakuna anayesikia. Generoza alikuwa mlangoni ameshika sahani. Alifumba macho, akasikiliza.

Kelele zilipotulia, kijana mrefu aitwaye Nuswe alimgeukia Tusekile. Alikuwa ameichapa barua yake na kuikunja mara nne.

"Wako alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Kwenye jedwali la Tusekile mstari wa Lusajo ulikuwa bado upo, na mbele yake anwani tupu. Alikuwa amewafuta wale kumi. Huyu alishindwa kumfuta.

"Lusajo," akasema. "Alikuwa anapenda mvua."

Nuswe akasogea kumpa nafasi kwenye kochi. "Wangu aliitwa Subira," akasema. "Njoo ukae, nikuhadithie."