Ufa Mwembamba kama Unywele

Mkahawa wa uwanja wa ndege ulikuwa umefurika. Karani wa kaunta ya abiria, shati jeupe limenyooka kwa pasi na tai shingoni, alibahatika kupata kiti kimoja tu, mbele ya fundi wa kike aliyevaa ovaroli ya buluu.

"Dada, una grisi puani."

"Hiyo ndiyo poda yangu."

Karani alicheka hadi chai ikampalia. Tangu siku hiyo simu zao hazikupoa. Fundi akimwita Bwana Tai, karani akimwita Injini ya Moyo.

Asubuhi moja fundi alikagua kishikio, kile chuma kinachoifunga injini kwenye bawa. Alikipaka dawa nyekundu ya kufichua nyufa, akaifuta, akapuliza unga mweupe. Mstari mwekundu ukachomoza, mwembamba kama unywele. Ndege ikazuiwa kuruka.

Ndiyo iliyokuwa imchukue mama yake karani kwenda kwenye harusi ya kitindamimba wake. Nyingine haikuwepo siku hiyo.

Simu ya fundi ikalia.

"Mpenzi, abiria wananila mzima mzima! Huo ufa unaonekana?"

"Kwa macho matupu, hapana."

"Basi ufumbie macho leo tu. Mama analia hapa."

"Mama yako ndiye nisiyeweza kumpakia humu."

"Uchungu wa mama utaujulia wapi? Wewe unajua vyuma tu!"

Fundi akakata simu. Alifuta machozi kwa mkono wa ovaroli, akaendelea kufungua boliti.

Jioni karani alimkuta mama sebuleni, gauni la zambarau alilolishonesha kwa harusi bado mwilini. Akaanza kumlaumu fundi, mama akamkatiza.

"Harusi nimeikosa, na imeniuma. Lakini wanangu hawaniziki leo. Huyo binti umemwambia asante?"



Kesho yake karani alikwenda karakana. Kishikio kipya kilikwisha fungwa. Cha zamani kilikuwa mezani. Fundi akamwonyesha ule mstari. Karani akaupitishia kidole.

"Mpenzi, wahenga walisema usipoziba…"

"Ukiimaliza hiyo methali nakufukuza."

"Basi nisamehe. Nilikutukana wakati unamlinda mama yangu."

"Uliniumiza. Nilifungua boliti huku nalia."

"Sitarudia. Nataka kukuoa."

"Hivi hivi, katikati ya mafuta?"

"Hivi hivi."

"Nikikataa?"

"Nitarudi kesho."

Fundi akacheka, macho yakimlengalenga. "Basi usijisumbue. Nimekubali. Sasa nipishe, nina injini ya kuwasha."