Ukuta wa Mbao

Sakafu ilikuwa na joto. Nje theluji ilifika magotini, na jengo lile halikuwa na umeme tangu kiwanda kifungwe, lakini Générose alipoinama kuokota takataka alihisi joto kama la kitanda alichotoka mtu sasa hivi.

Kilikuwa kiwanda cha risasi cha wakati wa vita vya Hitla, karibu na mto katika mji wa Savage, huko ughaibuni. Générose, mkimbizi kutoka Uvira, alikuwa katika kikosi cha kukisafisha kabla hakijabomolewa. Majengo yalisimama mbalimbali, kila moja likikingwa na tuta la udongo. Chumba cha baruti, alimokuwa akisafisha, kilikuwa na kuta tatu nene za zege, na wa nne wa mbao.

"Huo wa mbao walifanya mwembamba makusudi," alieleza Muriuki, msimamizi wao Mkenya. "Baruti ikilipuka, moto utokee huko, majengo mengine yapone."

"Na wenye walikuwa ndani?"

Muriuki akainamisha macho. "Kuna msichana alichomeka humu, nasikia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje."

Siku ya pili ilikuja harufu ya nywele zilizoungua. Siku ya tatu, saa sita mchana, vidole visivyoonekana vikaanza kukwaruza mbao, polepole, kisha kwa haraka, na kutoka hapo ukutani ikatoka sauti ya mtoto ambayo Générose aliijua kuliko yake mwenyewe, sauti ya Uwase, bintiye wa miaka sita, aliyemfungia nyumbani siku risasi zilipoanza Uvira ili asikimbilie barabarani, naye aliporudi akakuta majivu.

"Mama, fungua."

Kwa miaka tisa alikuwa akiwaambia watu kwamba mtoto alipotea.

Muriuki alimwita Pasta Eliezer wa kanisa la Générose. Mzee yule alisimama kizingitini, akasikiliza, akanong'ona, "Dada, roho hii haimjui Uwase. Imechukua sauti uliyokuja nayo wewe. Iambie ukweli, itakuachia."

Générose aliweka kiganja kwenye mbao. "Uwase alikufa," alisema. "Mlango niliufunga mimi."

Mkwaruzo ukakoma. Kisha sauti nyingine, ya msichana mkubwa, iliyochoka, ikaomba kwa Kiingereza afunguliwe.

"Twende," Pasta alimvuta mkono. "Yako imekwisha."

"Hapana, Pasta. Na huyu alikuwa na mama."

Akachukua mtaimbo, akapiga mpaka ubao ukapasuka. Pumzi ya moto ilimpita begani, ikatoka nje, na theluji ikayeyuka kwa mstari mwembamba kuvuka tuta hadi kwenye uzio. Baridi ikajaa chumba.

Générose akaketi chini, akalia.

Jumamosi ile, sebuleni kwake katika mji wa Hopkins, watu walikuja kwenye kilio cha Uwase. Waliimba, na walipomaliza wakamuuliza mtoto alikuwa wa namna gani. Akawaambia mpaka kukapambazuka.