Sinema Zote za Orrin Lathrop

"Kata!" mwongozaji alipaza sauti, na studio nzima ikalipuka kwa makofi. Mafundi wa taa walikuwa wanafuta machozi, na hao ni watu ambao hata msibani hukaa wakikagua balbu. Orrin Lathrop peke yake hakujua wanalilia nini. Mashavu yake yalikuwa yameloa machozi ya baridi kama maji ya jokofu, na puani mwake ilikuwa imebaki harufu ya nywele zilizoungua.

"Nimefanya nini?" alimnong'oneza Dot, mpambaji wake wa miaka nenda rudi.

"Umekufa, mzee wangu. Tena umekufa vizuri mno."

Orrin akaubamiza mlango wa chumba chake. Ndivyo ilivyokuwa tangu ujana, siku ile alipotetemeka mbele ya kioo hapohapo Hollywood, akaomba yeyote anayesikia amsaidie. Aliyesikia akaja. Tangu hapo mwongozaji akisema "anza", Orrin huzima. Akisema "kata", huwaka na kukuta kazi imekwisha. Amekuwa jaji, haramia, padri, muuaji. Amewabusu warembo wote waliowahi kukanyaga California, na busu hata moja hakulionja. Jamani, hata moja!

Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alimruhusu kipande kimoja cha mwisho: baba anamuaga binti yake stesheni.

"Hicho nitakifanya mwenyewe," alimwambia Dot. "Hata nikiboronga, niboronge mimi!"

Saa ya chakula cha mchana, Dot akamwingiza kwa mlango wa nyuma Doña Refugio, mganga wa Kimeksiko kutoka mtaa wa Boyle Heights. Bibi alifukiza majani, akampitishia Orrin yai bichi kichwani na kifuani. Kioo kikaingia ukungu. Kisha ikasikika ile sauti nzito ya sinema zake ambayo dunia nzima inaijua, ilhali midomo ya Orrin imefumba.

"Nikitoka, natoka na vyangu."

"Beba!" Orrin akafoka. "Beba mawigi, beba buti, beba na ndevu za uharamia!"

"Señor, muulize kwanza vyake ni vipi," bibi alinong'ona.

"Amekula maisha yangu, halafu nimhoji? Atoke!"

Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa hadi Dot akakohoa, kitu kikamtoka Orrin taratibu kupitia mgongoni kama koti zito linalovuliwa na mtu aliyesimama nyuma yake, kikapita mbele ya kioo bila kuonekana, na yai likaiva mkononi mwa bibi.

"Anza!"

Hakuzima. Aliona kamera, akahisi joto la taa, akaona madoa madogo juu ya pua ya binti. Akasahau maneno. Akarudia, sauti ikakwaruza.

"Mzee Orrin, una nini leo?" mwongozaji akaguna. "Unamuaga mwanao au unasubiri basi?"

Walirudia mpaka mwongozaji akachoka, akasema imetosha. Orrin akatoka akicheka kama mtoto.

Jumapili mchana simu ikalia. "Washa televisheni," Dot alisema kwa sauti ya chini. "Ile yako ya maharamia."

Kwenye sitaha ya meli, wanaume walikuwa wanaanguka mmoja mmoja mbele ya mtu asiyekuwepo. Mrembo wa sinema hiyo, mwigizaji aliyefariki zamani, aliinua uso, akafumba macho, akabusu hewa.

"Studio wamenipigia," Dot aliendelea. "Ghala zima la filamu liko hivyo, Orrin. Kiti cha jaji kitupu, madhabahu tupu. Sinema zako zote."

Orrin akaisogelea televisheni. "Na ya stesheni?"

"Hiyo umo. Umeboronga, lakini umo."

Alitaka kucheka. Lakini yule mrembo hakuwa ameendelea na mchezo. Alikuwa amefumbua macho, na nyuma yake maharamia waliokwisha kuuawa walikuwa wanainuka, wanapangusa nguo, wanageuza nyuso kuelekea kioo cha televisheni polepole, wote pamoja, kama watu waliochoka kumsubiri mwenzao aliyechelewa kazini.

"Orrin," Dot akanong'ona huko kwake, "mbona wanatazama huku?"

"Bwana Lathrop," mrembo alisema, kwa jina lake halisi, wala si la haramia. "Tunakusubiri. Sema maneno yako."

Orrin alisimama na ndala zake, akafungua mdomo. Hakujua hata neno moja.