Gari Lisilopiga Kelele

Nina miaka ishirini na mmoja. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, tena Unguja, alikozaliwa mama. Baba alipofariki tulirudi Ngazidja kwa wazee wetu, tukakaa Itsandra nyumbani kwa dada yangu Echati. Naandika barua hii polepole. Mnivumilie.

Huku watu wana lugha yao, na Kiswahili changu kiliwachekesha. Nikifungua mdomo tu walisema, "Haya, Mzanzibari kaanza." Basi nikazoea kunyamaza. Nikitaka kitu, naonesha kwa kidole.

Dada Echati aliuza mikufu yake ya harusi ili tupate gari la kubeba abiria kati ya Itsandra, Moroni na Mvouni. Mfanyabiashara mmoja wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, alikuwa na magari mawili yanayofanana, moja la dizeli na moja la petroli. Mbae, mume wa dada, hakupata ruhusa kazini. Akanituma mimi kwa kuwa nilijua kuendesha.

"Shemeji, chukua la dizeli," aliniambia. "Dizeli haichagui chakula. Hata ukiinywesha petroli itakohoa, lakini itakufikisha."

Nilishangaa. Unguja nilifundishwa kwamba ukiitia dizeli petroli, unaiua. Nikasema moyoni, shemeji hajui magari. Sikumuuliza.

Bandarini Mutsamudu nililiwasha lile la dizeli. Lilinguruma na kutikisika, likatoa moshi mweusi. Makuli wote waliacha magunia wakageuka kunitazama.

"Bwana mdogo, umenunua mashine ya kusaga?" mmoja aliuliza.

"Mwacheni," akasema mwingine. "Akienda kuposa, mkwe atamsikia akiwa bado baharini."

Walicheka. Masikio yakaniwaka moto... Nilizima, nikaingia katika lile la petroli. Lilinong'ona tu. Hakuna aliyegeuka.

Nikalichukua hilo.

Nyumbani nilisema kwamba la dizeli lilikuwa limekwisha kuuzwa. Mbae alisema, "Basi, ndiyo riziki yetu." Dada alinipa pole ya safari.

Miezi minane nilibeba abiria. Kwenye kituo cha mafuta sikuhitaji kusema neno. Nilionesha tangi, kijana akajaza.

Zilikuwa zama za mamluki, wale wazungu wa bunduki ambao hata wakubwa wetu waliwapisha njia. Mwezi ule meli ya mafuta ilichelewa. Kituo kilifungwa, na mafuta machache yaliyobaki yakawekewa magari yao. Langu lilibaki na tone.

Ijumaa asubuhi dada akashikwa na uchungu wa kuzaa. Mbae alikuwa kazini Moroni. Mkunga alimpapasa akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali upesi. Nilikimbia na dumu kwa muuza duka mmoja, niliyesikia ana mafuta ya magari nyuma ya duka.

"Nipe petroli," nilisema. "Lita kumi."

"Lita kumi? Leo kwenu kuna karamu?"

Sikuelewa utani wake. Alipomimina nilisikia harufu tofauti na ile ya kituoni. Neno lilinifika kwenye ulimi... nikaona haya kuuliza. Kwani ningeuliza, ningepungukiwa na nini?

Tulifika katikati ya njia. Gari likagonga, likatoa moshi mweupe, likazimika. Mama alikuwa nyuma amemshika dada. Niliwasha, nikawasha tena. Dada alisema, "Mdogo wangu, mbona tumesimama?"

Likatokea gari la mamluki, viti vitupu nyuma. Niliinua mkono nusu. Mzungu aliyeliendesha alinitazama. Nikaushusha mkono kama mtu anayejikuna. Wakapita.

Watu wa jirani walitupatia kitanda, tukambeba. Mtoto alizaliwa njiani, wa kiume. Hakulia. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mimi nilikuwa mjomba wa yule mtoto, na nilimbeba mara moja tu, kwenda kumzika.

Jioni gari lilikokotwa mpaka nyumbani, Mbae akafungua tangi akanusa.

"Umetia petroli," alisema.

"Ndiyo, petroli."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu gari ni la petroli."

Alifunga tangi. Kisha akaingia ndani, akatoka na taa ya chemni, akaitikisa mbele yangu ili nisikie mafuta yaliyomo. "Hii ndiyo petroli," alisema. Huku petroli ni mafuta ya taa. Ya gari huitwa esansi. Mwaka mzima nimekaa hapa sikulijua hilo, maana sikuzungumza na mtu.

Akaongeza taratibu, "Lile la dizeli lingefika. Lakini liliuzwa, shemeji. Si kosa lako."

Sikulia. Mpaka leo sijalia.

Juzi nilimwambia dada Echati kila kitu. Alikuwa akichambua mchele.

"Ilikuwa kelele tu?" aliuliza.

"Kelele tu, dada."

Akaendelea kuchambua. Mchana akanipakulia chakula kama kawaida. Kwa Mbae bado sijafika. Nitamwambia kabla barua hii haijaondoka.

Ndugu zangu msomao, hasa mlio waoga wa watu kama mimi: ulizeni. Neno usilolijua, uliza. Gari uliloagizwa, chukua hilo hilo, hata lingurume vipi. Wale makuli walicheka kidogo tu, wakarudi kwenye magunia yao. Ni mimi niliyebaki nikiwasikia, miezi minane, mpaka njiani Itsandra.