Kilomita ya Thelathini na Nane

Binti mmoja, fundi wa ndege, alikuwa amelala kifudifudi mtaroni, kwenye kilomita ya thelathini na nane ya mbio za kilomita sitini, namba kumi na saba ikiwa bado imebanwa mgongoni kwa pini nne. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi. Wakimbiaji wengine walipita ng'ambo ya utepe wa polisi, baadhi wakilia huku wanakimbia, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasimame.

Hilo ndilo lililompandisha Inspekta hasira kabla hajashuka hata kwenye gari.

"Nani kasema mbio ziendelee?"

"Mimi," alijibu Mwenyekiti wa kamati, mtu wa suti ya michezo isiyo na tone la jasho. "Afande, hizi ni mbio za hisani. Tunachangia wasichana wasomee urubani na ufundi wa ndege. Mgeni rasmi anafika saa sita. Ajali ni mipango ya Mungu. Tuutoe mwili, mengine tutayaongea."

"Usimsingizie Mungu," Inspekta alisema. "Hebu tazama lami."

Mwenyekiti alitazama. Hakuona kitu.

"Ndiyo hivyo. Hakuna alama ya breki."

Inspekta alitembea polepole pembeni mwa barabara, koplo akimfuata na mifuko ya vielelezo. Alama za matairi zilitoka kwenye lami hatua ishirini kabla ya mwili, zikalaza majani, zikapita pale alipoangukia, kisha zikarudi barabarani. Kona ile ilizibwa na machimbo ya kokoto, huwezi kuona mbele wala nyuma. Kwenye majani kulikuwa na vipande vitatu vya plastiki nyeusi.

"Aliyepitiwa na usingizi hamfuati mtu kwenye majani halafu akarudi barabarani kistaarabu," alisema. "Huyu aliwindwa. Weka hivyo vipande."

Barabara ilikuwa imefungwa tangu alfajiri. Magari yaliyoruhusiwa yalikuwa matatu tu. La wagonjwa lilikuwa kilomita ya ishirini, likimhudumia mzee aliyebanwa na misuli. La kamati lilikuwa limembeba Mwenyekiti na wenzake wanne. Lililobaki ni pikapu ya maji.

Kituo cha maji kilikuwa kilomita ya arobaini, mbele ya lango la kiwanja kidogo cha ndege. Inspekta alipofika, dereva wa pikapu alikuwa ameshafungwa pingu na mgambo, na shavu lake limevimba. Mnyonge hana haki, na siku hiyo hata sura ya haki hakuiona.

"Saa mbili na nusu, fundi alipogongwa, ulikuwa wapi?"

"Mezani, nagawa maji. Watu wameniona, afande."

"Na gari?"

"Nyuma ya hema. Ufunguo niliuacha humo humo. Wanakamati wote walikuwa wanalitumia."

"Nani alilichukua?"

"Sikuona. Nilikuwa na vikombe mia mbili mbele yangu."

Inspekta alichuchumaa mbele ya pikapu. Grili ilikuwa imepasuka, vipande vimepungua, na ufa wake umeshikizwa kwa waya mwembamba sehemu mbili. Waya ulikuwa umesokotwa mizunguko iliyolingana, na ncha zake zimekunjwa kwa ndani. Nyuma ya grili kulikuwa na uzi wa rangi ya chungwa, rangi ya fulana za mbio, na doa lililokwisha kukauka.

"Nani kafunga hii?"

"Mimi sijui. Asubuhi ilikuwa nzima."

Alimwomba koplo kipande cha waya, akampa dereva. "Funga kama hapo."

Dereva alifunga kama anayefunga mzigo wa kuni. Akajichoma kidole, akakinyonya.

"Mfungue pingu," Inspekta alisema.

"Lakini si ndiye dereva?" Mwenyekiti aliingilia.

"Ndiye. Kuwa dereva si kosa."

Mwanamke mmoja alikuwa ameketi juu ya kreti karibu na meza, akijifunga bendeji kwenye kisigino. Alikuwa amesikia yote.

"Tulikuwa tunakimbia pamoja," alisema. "Kisigino kikanichubuka, nikabaki nyuma. Akaniambia, mama, tutakutana mwisho. Nikaja kumkuta mtaroni."

"Mlijuana vipi?"

"Mwanangu alikuwa anasomea urubani hapa. Alianguka na ndege miezi minane iliyopita. Tume ikasema kosa lake, eti alipata hofu akazima injini hewani. Tangu tumzike, aliyekuja kuniona ni huyu fundi peke yake." Alivuta bendeji, akaikaza kuliko inavyohitajika. "Juzi akanambia, mama, njoo ukimbie nami. Kwenye mstari wa mwisho kuna mtu atakupa neno kuhusu mwanao."

"Mtu gani?"

"Nilimuuliza. Akasema, ni mtu ninayemheshimu, nimempa nafasi aseme mwenyewe."

Inspekta alisimama. Mtu amepewa nafasi ya kusema ukweli, akaitumia kuwasha gari.

Karakana ya ndege ilikuwa hatua mia moja kutoka kwenye hema. Sakafu ilikuwa safi kuliko meza za kituo chake cha polisi. Ndege ndogo ilisimama katikati, injini wazi, na kila nati ya injini ile ilikuwa imeshikizwa kwa waya uliosokotwa, mizunguko sawasawa, ncha zimekunjwa ndani.

"Ni waya wa usalama," alieleza Fundi Mkuu, mzee mwenye mvi na ovaroli iliyopigwa pasi. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa kituo cha maji. "Injini inatetemeka. Bila huo, nati hujifungua yenyewe."

"Na ncha mnazikunja kwa nini?"

"Zisimchome mkono fundi anayekuja baada yako."

"Wangapi hapa mnajua kufunga hivi?"

"Watatu. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Wa pili ni marehemu."

"Wa tatu?"

"Mimi. Lakini waya uko wazi pale, afande. Yeyote anaweza kuuchukua."

Kwenye meza kulikuwa na chuma chenye nati mbili, cha kufundishia wanafunzi. Inspekta alikisogeza mbele yake.

"Nifungie hapa, mzee wangu."

Fundi Mkuu alichukua koleo, akakata waya, akafunga. Alipomaliza, waya ulikuwa umelegea, mizunguko mingine mirefu mingine mifupi, ncha imesimama kama mwiba wa samaki.

"Umri, afande. Mikono imechoka."

Inspekta alikitazama chuma kile kwa muda. Kisha akachukua kadi iliyoning'inia kwenye injini.

"Kazi hii imefanywa jana. Saini yako. Jana mikono haikuwa imechoka?"

Mzee alianza kufuta koleo kwa kitambaa.

"Dereva kafunga ovyo kwa sababu hajui. Wewe umefunga ovyo kwa sababu unajua. Asiye na la kuficha angenifungia vizuri, tena kwa kujidai."

Fundi Mkuu aliweka koleo mezani. Mkono haukutetemeka hata kidogo.

"Jasiri haachi asili," Inspekta alisema, na sauti yake ilianza kupanda. "Damu ya binti haijakauka, wewe umesimama nyuma ya hema unaficha ufa, na bado unakunja ncha ya waya isimchome mtu. Umemhurumia fundi usiyemjua, ukamuua uliyemfundisha. Alijua nini juu yako?"

"Nati," alisema mzee, kwa sauti ndogo. "Nati ya bomba la mafuta."

"Endelea."

"Nilikuwa naifanyia kazi ndege ya maonyesho. Kamati ikaniita nje kupiga picha na wasichana. Niliporudi nikafunika injini. Waya sikuuweka. Binti akakagua, akaandika kwenye kitabu cha ndege: nati haijafungwa waya, isiruke."

"Na wewe?"

"Nikachana ukurasa."

"Hukwenda kuangalia?"

"Niangalie nini? Miaka thelathini sijawahi kusahau. Wageni wameshakaa, halafu ndege ikae chini kwa kalamu ya msichana niliyemfundisha kushika spana?"

"Ikaruka. Rubani mwanafunzi akafa. Tume ikakuuliza."

"Nikasema ndege ilikuwa nzima."

Neno la fundi bila ukurasa halikuwa na uzito; lakini kila ukurasa wa kitabu kile una nakala yake ya kaboni. Wiki iliyopita fundi aliikuta stoo.

"Alikuja kwangu kwa adabu," mzee alisema. "Shikamoo mwalimu. Akaniomba niseme mwenyewe leo, mbele ya yule mama. Angekwenda moja kwa moja polisi, angekuwa hai."

Inspekta alipiga meza kwa kiganja, koleo likaruka.

"Usithubutu. Alikupa siku saba kwa heshima, ukazitumia kutafuta kona isiyo na watu. Koplo, mtoe mbele ya macho yangu."

Nakala ilipatikana kwenye kabati la marehemu. Inspekta alipotoka nje, kipaza sauti cha mstari wa mwisho, ng'ambo ya kiwanja, kilikuwa kinamkaribisha mgeni rasmi, na watu wanapiga makofi.

Alimkuta mama wa rubani pale pale kwenye kreti. Alimweleza yote bila kupunguza.

"Kwa hiyo hakukosea," mama alisema.

"Hakukosea. Injini ilizimika yenyewe."

Mama hakulia. "Unaniambia kwa mdomo?"

"Vipi, mama?"

"Tume iliniletea barua yenye muhuri kwamba mwanangu alijiua kwa woga wake. Baba yake aliisoma, na mpaka leo hataji jina la mtoto. Wewe unanipa maneno ya mdomo nimpelekee?"

Inspekta aliujua utaratibu. Kesi haijafika mahakamani, afisa haandiki kitu. Alisukuma vikombe pembeni, akaketi kwenye meza ya maji, akaandika: Ndege haikustahili kuruka. Rubani hakufanya kosa. Akaweka saini, cheo na namba yake ya kazi.

Mama alisoma mara mbili, akaikunja karatasi, akaiingiza kifuani.

"Andika na nyingine," alisema.

"Ya nani?"

"Ya mama yake fundi. Wasije wakatangulia kumpelekea barua ya ajali."

Inspekta alichukua karatasi ya pili.