Kizibo Chekundu

Jepleting aliamka kabla ya kuitwa, kwa sababu kuitwa kulimchosha kuliko kuamka. Alichukua mtungi wa njano na kutoka. Katika mtaa wa Kokoto, magharibi mwa jiji la Nakuru, maji yaliuzwa kwenye kibanda kimoja tu. Ukichelewa, foleni ilikushika hadi kengele ya shule ikalia bila wewe.

Njia ya mkato ilipita uwanjani. Uwanja huo ulikuwa mpana na tambarare, na hakuna mtu aliyekuwa amejenga hapo. Mgeni angeshangaa. Wenyeji walijua sababu. Katikati yake palipita ufa mrefu, uliozibwa kwa udongo, matairi makuukuu na takataka. Kila mara mvua kubwa iliponyesha, udongo ulizama na ufa ukafunguka tena. Wanaume waliuziba, wakanawa mikono, wakangoja mvua nyingine. Aprili iliyopita ufa ulimeza choo cha Mzee Kabiru, mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha iliyo kubwa kuliko zote mtaani.

"Shukuru Mungu hakikuwa na mtu ndani," majirani walimwambia huku wakicheka.

"Na ndoo yangu mpya je?" Mzee Kabiru aliuliza. Yeye hakucheka.

Baada ya kuteka maji, kazi ya pili ya Jepleting ilikuwa ngumu zaidi. Kipruto, mdogo wake wa miaka minne, alisoma chekechea iliyokuwa ng'ambo ya barabara kuu. Alitembea hatua chache tu kisha akaketi chini na kunyoosha mikono juu. Jepleting alimbeba mgongoni, akamfikisha, kisha akakimbia kurudi upande wa shule yake. Karibu kila siku alichelewa. Mwalimu wa zamu alikuwa ameacha hata kumuuliza sababu.

Mama yao alipika chapati katika hoteli iliyo karibu na stendi. Jioni alirudi, akatumbukiza miguu ndani ya karai la maji ya moto. Ijumaa hiyo alisema, "Kesho watu wa mipango ya jiji wanakuja ukumbi wa kanisa. Ati wanarekebisha mpango wa miaka mingi ijayo. Wanataka maoni yetu."

"Utaenda, Mama?"

"Nimechoka na maoni. Walikuja, tukasema barabara. Wakaandika barabara. Wewe umeiona?"

"Sijaiona."

"Hata mimi. Lakini nitaenda kuomba chekechea huku kwetu. Mgongo wako utapinda kabla hujamaliza Gredi ya Sita." Mama alitoa mguu mmoja ndani ya karai, akamtazama. "Na unisikilize vizuri. Habari ya ufa haitajwi. Mzee Kabiru amepita kila mlango. Wakisikia, wataandika kwamba hapa ni hatari, tuambiwe tuhame. Kiwanda cha mbao kilipofungwa kule Elburgon tulihama. Sitaki kufunga mizigo tena. Nimechoka."

Jepleting alitikisa kichwa kukubali. Hata yeye hakutaka kuhama.

Siku iliyofuata ukumbi ulijaa nusu. Waliokuja waliketi kama watu wanaongoja dawa hospitalini. Afisa wa mipango aliitwa Bi. Wangare. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa mikutano ya wiki nzima, na buti zake zilikuwa na matope ya mitaa mingine. Alitandaza ramani kubwa juu ya meza mbili, kisha akamimina vizibo vya soda vilivyopakwa rangi.

"Kizibo cha kijani, weka mahali unapotaka kitu kipya," alisema. "Chekundu, weka mahali penye hatari. Watoto pia waje."

"Madam," mwanamume mmoja aliita kutoka nyuma, "mwaka ule mlisema tuinue mikono. Leo ni vizibo. Soda yenyewe iko wapi?"

Watu waliangua kicheko. Bi. Wangare alicheka pia. "Soda haikufika kwenye bajeti. Sikilizeni, najua mmechoka kuulizwa. Hata mimi nimechoka kuuliza. Lakini ramani hii imetokana na picha zilizopigwa kutoka angani. Picha inaonyesha mabati na miti. Haionyeshi kile mnachokijua nyinyi. Tukikosea hapa, tutajenga makosa hayo kwa saruji."

Mama alikuwa wa kwanza kusimama. Alieleza habari ya chekechea, barabara kuu na malori. Alizungumza bila kupamba maneno, na wanawake wengine wakasema, "Ni kweli." Bi. Wangare alitazama ramani na kuweka kidole katikati.

"Nafasi kubwa iliyo wazi ni hii. Uwanja huu unafaa?"

Mzee Kabiru alikohoa. "Unafaa kabisa, madam."

Mama alishika kizibo cha kijani. Jepleting aliona mkono wake ukisita juu ya ramani. Kisha ukashuka. Kizibo kikakaa katikati ya uwanja, na Mama akarudi kumpakata Kipruto.

Jepleting alifurahi, na furaha hiyo ilimtia aibu. Chekechea pale! Angemwacha Kipruto mlangoni, afike shuleni kabla ya kengele. Asingekimbia tena. Halafu alikiangalia kizibo vizuri. Kilikuwa kimekaa juu ya ufa uleule uliomeza choo cha Mzee Kabiru.

"Na hatari?" Bi. Wangare aliuliza. "Kuna mafuriko? Mashimo? Nyaya za umeme?"

"Hapa kwetu ni salama," alisema Mzee Kabiru.

Hakuna aliyegusa kizibo chekundu. Kipruto, aliyekuwa amelala mapajani mwa Mama, aligeuka na kukoroma kidogo.

"Mama," Jepleting alinong'ona, "Kipruto atakaa juu ya ufa."

"Nyamaza."

"Na watoto wote."

"Nimesema unyamaze." Lakini sauti ya Mama haikuwa na nguvu, na hakumtazama.

Jepleting alisimama. Alikwenda hadi mezani. Alichukua kizibo chekundu, akakiweka karibu na kile cha kijani. Akaongeza kingine, na kingine, vikafuata mstari kutoka ukingo mmoja wa uwanja hadi nyuma ya ploti ya Mzee Kabiru.

"Hapa ardhi hupasuka," alisema. "Mvua ikinyesha, inafunguka. Tunaziba na takataka."

Mzee Kabiru aliruka kutoka kwenye benchi. "Mtoto wa nani huyu? Nauliza, huyu ni mtoto wa nani?"

Kila mtu alijua. Mama alimwinua Kipruto, akamlaza begani, akasimama polepole kama mtu anayenyanyua gunia.

"Ni wangu," alisema. "Na anasema kweli. Mimi ndiye niliyedanganya kwa kizibo changu. Mzee Kabiru, choo chako kilienda wapi?"

Mtu mmoja alianza kucheka, kisha ukumbi mzima ukaanza kusema kwa pamoja. Huyu alitaja ukuta uliopasuka, yule mahali alipoanguka ng'ombe. Vizibo vyekundu vikajaa.

Alasiri walitoka wote hadi uwanjani. Bi. Wangare alitumbukiza fimbo ndefu kati ya matairi, nayo ikapotea yote. Alirudi nyuma haraka. "Nilikuwa karibu kuwajengea darasa hapa," alisema.

"Sasa mtatufukuza?" Mama aliuliza.

"Sitakudanganya. Wapimaji wa ardhi watakuja, na nyumba zilizo karibu sana na ufa huenda zikaondolewa. Zilizo mbali zitabaki. Mngenyamaza, hakuna ambaye angejua ni zipi zilizo hatarini."

Baada ya miezi kadhaa Bi. Wangare alirudi na ramani mpya. Ukanda wa ufa ulikuwa umetengwa kwa miti, bila jengo lolote. Chekechea ilikuwa imehamishiwa karibu na kibanda cha maji, upande wao wa barabara. Chumba cha Mama hakikuguswa. Mzee Kabiru alitakiwa kubomoa vyumba viwili vya nyuma, na ujenzi wa chekechea haukuwa umeanza bado.

Kwa hiyo Jepleting aliendelea kumbeba Kipruto. Asubuhi moja Mzee Kabiru alimsimamisha njiani.

"Wewe mtoto umenipunguzia ploti."

"Pole, Mzee."

"Pole ya nini? Nataka kuchimba choo. Njoo unionyeshe mahali ambapo hakitaondoka."

Siku hiyo Mama angeanza kazi mchana, hivyo alikuwa akiwasindikiza watoto na alisikia yote. Walipofika uwanjani, wakauzunguka ufa.

"Nilikukataza kusema kwa sababu nilikuwa nimechoka," alisema Mama. "Uchovu hutufanya tukubali uongo ulio rahisi. Lakini watu wa mipango huchora kile tunachowaambia. Tukiwaambia uongo, watoto wetu ndio watakaoketi juu yake. Hata ukiwa umechoka vipi, sema kweli kwanza, halafu upumzike."

"Na mtu akikasirika?"

"Atakasirika. Kisha atakuja kukuuliza mahali pa kuchimba choo." Mama aliinama na kugeuza mgongo. "Mlete huyo. Leo nambeba mimi. Wewe kimbia, usikie kengele ikilia ukiwa ndani."