Maji ya Udhu ya Bibi Tabu

Kila alasiri, akitoka shule, Raya alipitia nyumbani kwao, mtaa wa Bweri, kuchukua chupa ya uji, kisha akaenda hospitalini kumwona bibi yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na kichwa kinachopenda kusafiri peke yake. Ukimtuma chumvi, alirudi na habari za mawingu.

Bibi Tabu alikuwa amelazwa kwa wiki ya pili. Mishipa ya mikono yake ilikuwa imechoka sindano, kwa hiyo daktari alimwekea shingoni mrija mwembamba wa kupitishia dawa, ukafunikwa kwa plasta. Muuguzi, Sista Boke, alimwonya Raya tangu siku ya kwanza: "Hapo hapaguswagi, na hapalowagi."

Siku hiyo adhana ya alasiri iliingia dirishani. Bibi aliinamia beseni kunawa uso, na Raya akammiminia maji ya udhu kwa jagi. Kule nje ziwa liling'aa, mitumbwi miwili ikielea polepole. Raya akaelea nayo. Akamwona bibi ameketi ndani ya mmoja, mzima kabisa, akicheka.

"Wee Raya! Maji!" bibi alishtuka.

Jagi lilikuwa limeinama juu ya bega la bibi. Maji yalikuwa yametiririka shingoni, na ukingo wa plasta umebanduka. Raya akaubandika haraka kwa kidole. Ukashika, lakini chini yake palikuwa pamelowa.

"Nyamaza tu, mjukuu wangu," bibi alinong'ona. "Sista akijua atakukataza kuja. Nitabaki na nani hapa?"

Raya aliogopa sana. Kutokuja tena! Lakini aliutazama ule mrija. Kama dawa inapita humo, uchafu nao si utapita? Akatoka mbio.

"Sista, nimelowesha plasta ya bibi. Na nimeigusa. Nilikuwa naota."

Sista Boke hakumfokea. Alinawa kwa sabuni hadi katikati ya vidole, akavaa glovu mpya, akabandua plasta, akasafisha ngozi kwa dawa na kusubiri ikauke. Kisha akabandika nyingine.

"Ungenyamaza, vijidudu vingefuata mrija mpaka kwenye damu," alisema. "Mgonjwa anapandwaga na homa, tunaweza kumpoteza. Tutampima joto mara kwa mara. Na wewe kesho uje, ila unawe mikono kwanza."

Siku mbili zilipita, Raya hana raha. Homa haikuja. Siku ya tatu Bibi Tabu alimshika mkono.

"Mimi mtu mzima nilikuambia ufiche, wewe mtoto ukasema. Kosa hilo lingefichwa, lingeniua. Umelisema mapema, likatibika. Endelea kuota, Raya, ila jagi likiwa mezani."

Adhana ikalia. Raya alinawa mikono, akamtandikia bibi taulo kavu shingoni, akammiminia maji kidogo kidogo viganjani. Ziwa liling'aa dirishani, naye hakugeuka. Jagi liliporudi mezani, ndipo alipolitazama ziwa.